Ekzame ya Kodi na Nyumba za Kalembe

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa tano, 1954

Leo maisha yangu yamebadilika. Tangazo limebandikwa kwenye mulango wa biro ya serikali, kule Masisi. Wanatafuta karani mumoja wa kodi. Mumoja tu! Ekzame, mutihani wa kupata kazi hiyo, ni Jumamosi tarehe 22, asubuhi. Siku kumi na tisa. Zinatosha kabisa kwa muntu mwenye akili, na mimi, Narcisse Semana, ni kontable wa shamba la pareto la Bwana Wouters, mwaka wa saba sasa. Kutwa nzima nahesabu maua makavu. Magunia yaliyoingia, magunia yaliyotoka. Karani wa kodi hahesabu maua. Anahesabu watu, nao wanasimama.

Nimepata kitabu cha sheria ya kodi. Kurasa 64, Kifaransa kitupu. Nimegawa: kurasa nne kwa siku, siku kumi na sita, kisha siku tatu za kupumzisha kichwa. Mupango safi.

Habari mbaya: Symphorien, anayeshika funguo za depo yetu, naye amejiandikisha. Symphorien! Muntu anayesoma huku midomo ikitembea! Alinisalimia kwa heshima, akauliza kama tusome pamoja. Nikamujibu sina nafasi. Ujanja wake naujua. Anataka kunyonya akili yangu kama kupe.

Nilimuambia Verdiane, bibi yangu wa ndoa. Akauliza lupango, ule uzio wa miti, nitamaliza kujenga lini, mbuzi wanaingia kwenye maharagi. Karani wa kodi hajengi lupango! Hilo sikulisema kwa sauti.

Nimesoma ukurasa wa kwanza. Nusu. Usingizi ulinichukua kabla ya chakula.

Jumatano, tarehe 5

Bado ukurasa wa pili. Kifaransa cha sheria si Kifaransa cha padri. Sentensi inaanza juu ya ukurasa, inaishia chini, na ukifika mwisho umesahau nani anayelipa.

Nilificha kitabu chini ya rejista ya shamba. Ujanja muzuri. Lakini Bwana Wouters aliingia ghafla, na mukono wangu ulikuwa umeandika nilichokuwa nasoma. Kwenye mustari wa magunia ya jana akakuta: "Wanaume wazima wenye nguvu, kumi na wawili." Akauliza kama siku hizi tunakausha watu. Nikasema ni uchovu. Akasema uchovu hauna herufi nzuri hivyo.

Muchana nilienda kwa Papa Straton. Zamani alikuwa karani wa kuandika watu vijijini. Sasa anafuga nyuki. Aliniambia nisome kitabu vizuri, halafu nitembee, kwa sababu kodi iko kwenye milima, haiko kwenye karatasi. Karani lazima aone nyumba, aone moshi, ajue nani amejificha chini ya kitanda.

Kusoma, halafu kutembea. Nimeshika lile la pili.

Jumapili, tarehe 9

Ushindi!

Baada ya misa nilishuka Kalembe, saa mbili za muguu, kufanya mazoezi. Mazoezi tu. Lakini muntu hawezi kujifunza kazi kubwa akiwa na nguo za kila siku. Nilikopa kwa Papa Straton koti lake la zamani la kazi na kofia yake ngumu ya jua. Nilimuambia naogopa mvua. Kofia inashuka mupaka puani, lakini inaleta heshima.

Nilipita mulango kwa mulango na daftari. Sikusema neno. Nilisimama, nikatazama paa, nikaandika, nikaendelea. Nyumba thelathini na moja! Hata ya wakwe zangu niliandika. Kimya, nikadhani bado wako misa. Na watu wa Kalembe, adabu ya ajabu! Hakuna aliyenisumbua kwa maswali. Hakuna hata aliyetoka. Moto unawaka, vyungu vinachemka, watu hakuna. Nikasema moyoni, hawa wanaheshimu masomo.

Muzee mumoja tu, Mama Nyiramahoro, mujane, alibaki mulangoni kwa sababu magoti yake hayakimbii. Akanipa kuku bila kuombwa. Nikakataa. Akaanza kulia. Nikakataa tena. Akalia zaidi. Nikapokea kuku ili kumutuliza. Hiyo njo roho niliyo nayo.

Verdiane aliuliza kuku ametoka wapi. Nikasema kwa Papa Straton. Tulimula na sombe.

Jumatatu, tarehe 10

Sielewi. Ao naelewa, lakini sitaki.

Tuna wafanyakazi tisini. Leo wamekuja kumi na mumoja. Pareto imefunguka, mulima muzima mweupe, na maua yasipochumwa kwa wakati hayafai kitu. Floribert, kapita wa wachumaji, alieleza mbele ya Bwana Wouters. Jana muntu wa kodi alipita Kalembe. Murefu sana, hana macho, kofia tu. Hakusema kitu! Muntu wa kodi anayepiga kelele, alisema Floribert, unaweza kumusihi. Anayenyamaza amekuja kukamata. Wanaume wote wameingia pori, upande wa Walikale.

Nilivuta viatu vyangu chini ya meza.

Bwana Wouters akanigeukia. Mimi ni muntu wa kalamu, akasema, nichunguze. Kufika Jumatatu ijayo anataka watu wake shambani na jina la huyo mwenye kofia.

Kwa hiyo nimepewa kazi ya kujitafuta mwenyewe.

Symphorien alinitazama muda murefu. Nikatazama dari.

Jumanne, tarehe 11

Mama mukwe amefika asubuhi, analia. Baba wa Verdiane, Papa Sebahire, naye amekimbia! Muzee mwenye kifua kibovu, anayekohoa hata akicheka. Miaka mitatu hajalipa kodi. Alipoona kofia alichukua blanketi moja, akaelekea Buleusa kwa njia ya pori. Na tangu Jumapili mvua haijakatika.

Verdiane hakulia. Alikaa chini, akachambua maharagi, mabaya akiyatupa kwa nguvu. Nikamuuliza anawaza nini.

"Nawaza ule muntu wa kofia," akasema. "Papa akikufa mu pori, Papa Emérita, mi nitamutafuta ule muntu. Nitamupata."

Emérita ni binti yetu. Verdiane akiniita kwa jina la mutoto, mambo ni mazito. Nikasema kweli, huyo ni muntu mubaya sana.

"Weye unamujua?"

Nikasema hapana, lakini inaonekana.

Sikula leo. Kitabu: ukurasa wa sita, na sikumbuki hata neno.

Alhamisi, tarehe 13

Nilidhani nimepata dawa.

Jana alfajiri nilibandika karatasi sokoni Kalembe. Niliandika kwa mukono wa kushoto: KODI HAKUNA. MUNTU WA KODI AMEKUFA. MURUDI KAZINI. Fupi, wazi, bila jina.

Waliobaki kijijini walisomewa na mwalimu wa katekisimu. Wakajadiliana. Wakakata shauri kwamba muntu wa kodi ameuawa, na sasa askari watakuja kumutafuta muuaji. Wakakimbia na wao! Wanawake, mbuzi, mwalimu, hata Floribert kapita wetu. Leo shambani tuna wafanyakazi wanne, na mumoja ni kiziwi.

Bwana Wouters anachuma mwenyewe. Anachuma vibaya, anang'oa na mizizi. Niliamriwa kuchuma naye. Mimi, kontable! Symphorien alikuwa mustari wa pili. Akasema polepole, bila kuinua kichwa, kwamba kama kuna jambo linanisumbua, niko huru kumuambia. Mutego! Nikamuambia kinachonisumbua ni mugongo.

Jumamosi, tarehe 15

Niko mbali na nyumbani, naandika juu ya goti.

Jana nilimuambia Bwana Wouters nafuata nyayo za mukosaji. Si uongo, ni zangu. Verdiane alikuja nami, amebeba blanketi na dawa ya kifua. Mimi nilibeba gunia. Ndani ya gunia: koti na kofia. Nilitaka kuzitupa mutoni, mahali ambapo hakuna anayenijua.

Tulipofika Kashebere, wachuuzi wa barabarani walituelekeza. Watu wa Kalembe wako ng'ambo ya muto, kwenye migomba, kabla hujafika Buleusa.

Papa Sebahire amelala juu ya majani ya ndizi. Ana homa. Kifua kinalia kama mulango wa zamani, na mashavu yameingia ndani. Wiki moja tu! Verdiane alimufunika, akamusihi arudi nyumbani. Akakataa.

"Mi sirudi," akasema. "Ule muntu aliandika nyumba yangu. Nilimuona kwa tundu. Alisimama, akaitazama, akaandika. Anisamehe yeye, kwa kinywa yake, njo nitarudi."

Nilifungua kinywa. Kweli nilifungua. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi: Papa mukwe, ni mimi. Lakini Verdiane alikuwa anakata mizizi ya dawa, na kisu kilikuwa kikali. Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba namujua muntu anayemujua yule muntu. Kwamba kesho nitamuleta.

Kofia bado iko ndani ya gunia. Labda Mungu hakupenda niitupe.

Jumapili, tarehe 16

Koti bado halijakauka.

Asubuhi niliwaambia wangoje kando ya muto. Nikapanda juu, nikavuka kwa gogo, nikavaa koti na kofia nyuma ya kichaka. Nikatokea ng'ambo. Muto ulijaa maji ya mvua, unanguruma. Vizuri, niliwaza, sauti yangu haitajulikana.

Walitoka kwenye migomba mumoja mumoja. Wanaume arobaini hivi, wamejaa matope. Papa Sebahire mbele, Verdiane akimushika mukono. Nikapiga kelele kwa sauti nzito kwamba Sebahire amesamehewa. Kwamba wote wamesamehewa. Warudi Kalembe, pareto inawangoja!

Pareto sikupaswa kuitaja. Verdiane aliinua kichwa.

Kisha muzee akafanya jambo ambalo halikuwa katika mupango wangu. Alijitoa mukononi mwa binti yake, akaingia majini. Anakuja kunishukuru! Maji ya magoti. Maji ya kiuno. Anakohoa, amenyoosha mikono miwili mbele kama anayepokea kitu. Verdiane alipiga yowe. Niliona muguu wa muzee unateleza juu ya jiwe, na kichwa chake kikapotea.

Sikufikiri. Naandika hili kwa sababu ni kweli: mara hii sikufikiri kitu. Nilijikuta majini, koti linanivuta chini kama mawe. Kofia ilienda zake. Nilishika blanketi, blanketi likatoka. Nilishika mukono. Jiwe kubwa lilitupokea wote wawili, nikalikumbatia kwa mukono mumoja na kwa mwingine baba wa bibi yangu, nikamulilia Mungu kwa Kihunde, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa cha sheria. Floribert na wengine walishikana mikono, wakafanya kamba ya watu, wakatufikia.

Walituvuta mupaka kwenye ukingo. Papa Sebahire alitapika maji. Akanitazama. Akatazama koti.

"Mukwe wangu," akasema. "Njo weye?"

"Njo mimi, Papa."

"Siku ile pia?"

"Siku ile pia. Nilikuwa najifunza."

Kisha muzee akaanza kutikisika, nikadhani ni homa. Alikuwa anacheka. Anacheka, anakohoa, anacheka. Floribert akafuata, kisha wote arobaini, watu waliolala wiki nzima kwenye matope kwa ajili ya kofia ya kukopa, wakacheka hata wakaegemeana.

Verdiane hakucheka. Alinipiga kofi moja. Kisha akanifunika kitenge chake, maana nilikuwa nagonga meno. Tumetembea njia yote bila neno.

Jumanne, tarehe 18

Jana wamekuja wafanyakazi tisini na wawili. Wawili zaidi ya kawaida! Nadhani walikuja kuniona.

Bwana Wouters alifurahi. Kisha akauliza jina la yule mwenye kofia. Akauliza mbele ya wote, nami nimesimama na kalamu. Watu tisini na wawili walijua. Wote walitazama viatu vyao, hata wasio na viatu. Mwishoni Floribert akasema muto ulimuchukua. Bwana Wouters akavua kofia yake, akasema maskini.

Jioni ile ikaja hukumu ya Papa Sebahire. Homa imeshuka, ameketi kwenye kiti mbele ya nyumba yake, anatoa amri. Nipite tena nyumba zote thelathini na moja, mulango kwa mulango, na mara hii niseme. Kila mulango: ni mimi, naomba musamaha. Nilipita. Kwa wengine walinipa pombe ya ndizi. Kwa mumoja walinifungulia mbwa. Mama Nyiramahoro alidai kuku wake. Nilimupa wawili. Akawapima kwa mukono, akasema wake alikuwa munono kuliko wote wawili.

Verdiane amesema leo, mara ya kwanza. Neno moja: "Lupango."

Nimejenga lupango.

Jumatano, tarehe 19

Symphorien amekuja nyumbani. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, anazungusha kofia ya majani mikononi. Akaniambia kwamba Jumapili ile alikuwa Kalembe kwa dada yake. Aliniona. Alikuwa chini ya kitanda pamoja na shemeji yake, akatambua viatu vyangu. Hakumuambia Bwana Wouters, hakumuambia muntu.

"Sasa soma ukurasa wa sitini na moja, kaka," akasema. "Na mu ekzame usijisifu."

Nilifungua ukurasa wa sitini na moja. Nilikuwa bado wa tisa. Pale inasema kwamba muntu yeyote anayejifanya mutumishi wa kodi bila kuwa mutumishi, gereza miezi sita.

Miezi sita!

Nimesoma ukurasa huo mara kumi na nne. Na nimeelewa kila kitu. Symphorien alificha jambo hili siku kumi ili anitishe siku tatu kabla ya ekzame. Nyoka!

Jumamosi, tarehe 22

Ekzame.

Watu kumi na mumoja, meza kumi na moja. Muzungu mwenye miwani, na karani wake. Swali la kwanza: nani analipa kodi? Niliandika: "Wanaume wazima wenye nguvu." Hilo nililijua. Swali la pili sikulielewa. Swali la tatu: "Eleza, kwa mifano, karani anavyoingia katika kijiji anachotaka kuandika."

Kwa mifano!

Kalamu ilisimama hewani. Mimi peke yangu katika chumba kile nilikuwa nimeifanya kazi hiyo. Nyumba thelathini na moja, najua kila paa, kila mbwa! Na kila mustari ambao ningeandika ungekuwa mwezi mumoja wa gereza. Jasho lilianguka kwenye karatasi. Symphorien, meza ya mbele, anaandika tu, midomo inatembea. Nikaandika: "Anaingia polepole." Nikaweka nukta.

Baadaye maswali ya kinywa. Muzungu aliuliza juu ya mifugo, nikanyamaza. Juu ya wazee, nikanyamaza. Juu ya watu waliohamia kutoka mahali pengine, nikakohoa. Akahema. Akauliza kama kuna kitu chochote ninachokijua kuhusu adhabu.

Ukurasa wa sitini na moja ulinitoka wote, neno kwa neno, bila kupumua, hata nukta niliona kama nazitamka. Karani aliacha kuandika. Muzungu alivua miwani, akasema hajawahi kumusikia muntu anayeijua sheria hiyo kwa hofu nzuri hivyo.

Nikasema asante. Miguu ilinipeleka nje bila mimi.

Jumanne, tarehe 25

Symphorien amepata kazi.

Mimi: alama tisa juu ya hamsini. Saba ni za ukurasa wa sitini na moja.

Alikuja kuniaga. Alisema safari yake ya kwanza ni Kalembe, na kwamba ataanza kwa Papa Sebahire: amekwisha kusoma kwamba muzee mugonjwa wa kifua anaweza kuombewa asilipe, na ameandika barua ya kumuombea. Verdiane alimushika mikono miwili. Papa Sebahire alimutumia pombe. Mama mukwe alimuita mutoto wake!

Nani aliyeitoa roho ya muzee majini? Nani? Nimemuuliza Verdiane. Akajibu ni yule aliyeitia.

Jumatatu, tarehe 31

Habari njema, na zimekuja wakati nilipokuwa nimekata tamaa kabisa!

Tangazo jipya huko Masisi. Wanatafuta karani wa ng'ombe. Kuandika makundi yote ya malisho ya juu, kuhesabu vichwa, kujua wagonjwa. Ekzame ni tarehe 26 mwezi wa sita. Hakuna mwingine aliyejiandikisha kutoka shamba letu. Symphorien tayari ana kazi yake. Mulango uko wazi!

Kitabu ni kurasa arobaini tu. Nimekifungua, kina picha ya tumbo la ng'ombe. Nimekifunga.

Nimetafakari kwa utulivu makosa yangu ya mwezi huu, na nimeyaona yote. Kosa lilikuwa kofia. Muntu wa kofia anatisha. Muntu wa koti jeupe, kama munganga wa ng'ombe, hatishi. Padri analo moja la zamani kwenye sakristia.

Jumapili baada ya misa nitapanda kwenye malisho. Mazoezi tu. Nitasimama mbele ya kila kundi, nitazame, niandike, nitikise kichwa kidogo kama muntu anayeona ugonjwa, niendelee. Sitasema neno, nisiwasumbue wachungaji.

Na hata wakitaka kukimbia, watakimbia namna gani, na ng'ombe mia tatu?